Daktari Aliyevaa Gwanda

Zahanati ya kambi haiko mbali. Koplo anayelala kwenye bweni la kikosi anaifikia kwa mguu kabla chai ya bwaloni haijapoa. Dawa halipii. Daktari analipwa na serikali ileile inayomlipa yeye. Ukimweka sambamba na mkulima wa Tandahimba au mvuvi wa Lamu, mwanajeshi wa kambini ni mtu aliyebahatika kwa tiba: akivunjika mguu mazoezini atapigwa eksirei siku hiyohiyo, malaria ikimpanda atapimwa na kupewa siku za kupumzika, wala hakuna atakayemwuliza kwa nini ameugua.

Koplo huyohuyo akikosa usingizi, akawa anashtuka kila geti la chuma linapobamizwa, akampiga mkewe kofi ambalo hata yeye hajui lilitokea wapi, zahanati ileile inakuwa mahali pa mwisho atakapokanyaga. Kwenye benchi la kusubiria atakutana na sajenti wake. Muuguzi anayeandika majina ni mke wa ofisa wa kombania ya jirani. Daktari mwenyewe amevaa gwanda kama yeye, ana nyota begani, na Jumatatu asubuhi ataketi kwenye kikao ambapo kamanda wa kikosi atataka kujua nani yuko tayari kwa operesheni na nani hayuko. Koplo hamwogopi daktari. Analiogopa faili, na zaidi anamwogopa atakayelifungua.

Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba kambi inaweza kuwa na madaktari, vitanda na dawa za kutosha, na askari wake wakaendelea kubeba kiwewe kisichotibiwa miaka na miaka, kwa kuwa njia ya kwenda kwa daktari inapita mbele ya meza ya mtu anayeamua nani apandishwe cheo. Mtetezi wa askari hao akiomba majengo peke yake, atapewa majengo. Utepe utakatwa, picha zitapigwa, na koplo hataingia.

Nitaanzia Marekani. Huko mambo si mazuri kama wanavyopenda kuyaonyesha kwenye filamu, ila jeshi lao lilishindwa hadharani, na kushindwa kwenyewe kukaandikwa na waandishi wa habari, maseneta, watafiti na wazazi wenye uchungu. Majeshi yetu nayo yana makosa yake, lakini yamo kabatini, na hakuna anayejifunza kutokana na karatasi asizoruhusiwa kuzisoma.

Julai 2004, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Charles Hoge, daktari wa jeshi lenyewe. Yeye na wenzake waliwapa fomu za kujaza, bila majina, askari wa miguu waliokuwa wamerudi kutoka Iraq na Afghanistan. Kwamba wengi walikuwa wanaumwa halikuwa jambo la ajabu. Kila vita vina majeruhi wa aina hiyo, na vita vikuu viwili vilikwisha kulithibitisha hilo. Kilichoshtua ni sehemu ya pili ya takwimu. Kati ya wale ambao majibu yao yalionyesha dalili za ugonjwa wa kiwewe, sonona au wasiwasi mkali, waliotafuta msaada walikuwa kati ya asilimia 23 na 40 tu. Walipoulizwa kinachowazuia, asilimia 65 walisema wataonekana dhaifu. Asilimia 63 walisema viongozi wao watawatendea tofauti. Nusu walisema kazi yao itaharibika. Na wale waliohitaji tiba ndio walioiogopa zaidi, karibu mara mbili ya wenzao waliokuwa wazima.

Soma takwimu hizo tena kwa jicho la mtu anayepanga bajeti. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo tatu inayoondolewa kwa kununua kitanda.

Miaka miwili baadaye, Desemba 2006, mwandishi wa redio ya NPR, Daniel Zwerdling, akaenda Fort Carson. Ni kambi kubwa chini ya mlima Cheyenne, jirani na mji wa Colorado Springs, yenye hospitali yake na maelfu ya askari waliokuwa wakienda Iraq na kurudi. Askari walimweleza kwamba walipoonyesha dalili za kiwewe walidhihakiwa na wakubwa wao, wakapewa adhabu kwa kuchelewa gwaride, kwa kunywa, kwa kutofika kazini, kisha wakaanzishiwa taratibu za kufukuzwa. Baadhi ya wasimamizi wao hawakukana. Walisema waziwazi kwamba mtu asiyeweza kazi hana nafasi kwenye kikosi. Maseneta watatu, Barbara Boxer, Kit Bond na Barack Obama, wakadai uchunguzi.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana utaratibu huu wa kufukuza ndio moyo wa jambo lote, na ni rahisi kuupita bila kuuona. Mtu mwenye kiwewe hajitangazi. Hasemi ninaumwa. Anakunywa ili alale. Kwa kuwa amelala alfajiri, anachelewa. Kwa kuwa amechelewa anafokewa, na kwa kuwa mwili wake umefunzwa kwamba sauti kali ni hatari, anajibu kwa ngumi. Kwenye daftari la kikosi hakuna mgonjwa hapo. Kuna mlevi, mtoro na mkorofi. Kila kosa lina kifungu chake na kila kifungu kina adhabu yake, na makosa yakijumlishwa yanatosha kumtoa mtu jeshini bila marupurupu, bila tiba, na kwa barua itakayomfuata kila anapoomba kazi. Kamanda hajavunja sheria hata moja. Ameifuata.

Kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea, ulioandikwa kwa lugha ya kitabibu. Askari aliweza kuachishwa kwa madai kwamba ana kasoro ya tabia, yaani hitilafu aliyozaliwa au kukua nayo kabla hajavaa sare. Ikiwa ni ya zamani, basi vita havihusiki, na jeshi halidaiwi fidia. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilihesabu kwamba kuanzia Novemba 2001 hadi Juni 2007 askari wapatao 26,000 waliachishwa kwa sababu hiyo, na kati yao kama 2,800 walikuwa wamekwisha kupelekwa kwenye vita vya wakati ule. Watu hao walipimwa afya walipoandikishwa wakaonekana wazima. Waliporudi kutoka vitani ndipo kasoro ya utotoni ikagunduliwa. Daktari aliyetia sahihi alikuwa amevaa gwanda.

Ndani ya kambi hiyo ya Fort Carson akaja mwaka 2007 kamanda mpya, Meja Jenerali Mark Graham. Hadithi yake inajulikana sana Marekani, na imeandikiwa kitabu kizima, lakini huku kwetu haijasimuliwa vya kutosha. Graham na mkewe Carol walikuwa na wana wawili waliofuata nyayo za baba. Kevin, aliyekuwa kwenye mafunzo ya uofisa katika Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa akitibiwa sonona. Aliacha dawa akihofia jeshi likijua litamkataa. Juni 2003 alijiua. Februari 2004 kaka yake Jeffrey, luteni, aliuawa na bomu lililotegwa barabarani nchini Iraq.

Wazazi wale wakapata funzo ambalo hawakuliomba. Kwa Jeffrey walipata heshima zote: bendera, hotuba, barua za watu wasiowafahamu. Kwa Kevin walipata ukimya, na watu waliokwepa kulitaja jina lake. Wao walijua kwamba wana wote wawili walikufa wakiwa na nia moja ya kuwa wanajeshi wazuri. Tangu hapo mume na mke wakawa wanalisema jambo hili hadharani, wakati ambapo jenerali kutamka sonona ndani ya nyumba yake lilikuwa jambo la kuhatarisha cheo. Nadhani uzito wao ulitokana na hapo. Daktari akisema askari wasione aibu, koplo anasikia daktari. Jenerali mwenye nyota mbili akisema mwanangu alificha dawa kwa kutuogopa sisi, sajenti yeyote aliyewahi kumcheka askari wake anainamisha kichwa.

Lakini maneno hayatoshi, hata ya jenerali. Wakati huohuo askari wa brigedi moja ya Fort Carson, iliyokuwa imepitia mapigano makali sana Iraq, walikuwa wakishtakiwa kwa mauaji mjini Colorado Springs, mmoja baada ya mwingine. Jeshi likatuma wataalamu wake kuchunguza, na ripoti yao ya Julai 2009 ikataja mambo mengi yaliyosongamana: ukali wa mapigano, pombe na dawa za kulevya, na askari waliozuiwa na aibu wasiende kutibiwa. Mwaka huohuo, ambao Graham alimaliza uongozi wake hapo, kambi ikaanza jaribio ambalo baadaye lilienea jeshi zima.

Wazo lilikuwa hili. Wataalamu wa afya ya akili waondolewe hospitalini, wawekwe kwenye jengo dogo karibu na brigedi inapofanyia kazi. Kila batalioni iwe na mtaalamu wake mmoja, yuleyule kila siku. Anakwenda kwenye bwalo lao, anasimama mazoezini, anawajua masajenti kwa majina. Askari hahitaji tena kuomba ruhusa ya nusu siku kwenda hospitali, ruhusa ambayo ingemlazimu aeleze anakwenda kufanya nini. Anavuka barabara, ana dakika hamsini, anarudi karakana. Mwaka 2012 na miaka michache iliyofuata jeshi likaagiza vikosi vyote vya mapambano viwe na timu kama hizo. Waliokwenda kutibiwa wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao waliongezeka, na waliofikishwa wodini wakiwa wamezidiwa wakapungua.

Msomaji makini atauliza: je, huku si kumsogeza daktari karibu zaidi na kamanda, ambaye ndiye tuliyesema anaogopwa? Ni swali la haki. Wazo la kumtibu askari karibu na kikosi chake ni la zamani. Thomas Salmon, daktari wa akili wa jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alilisisitiza: mtibu karibu, mtibu mapema, na mwonyeshe kwamba unatarajia atarudi kazini. Shabaha wakati ule ilikuwa kumrudisha mtu handakini, na wengi walirudishwa wakafa. Ukaribu peke yake unaweza kumfanya daktari kuwa fundi wa kukarabati bunduki zenye miguu.

Kilichoupa ukaribu ule maana nyingine ni faili kupewa kufuli. Agosti 2011 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo uliogeuza kanuni ya zamani juu chini. Kuanzia hapo ilichukuliwa kwamba mtaalamu hamwambii kamanda chochote askari anapokuja kwa hiari yake, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, kama vile askari kuwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mwingine, kulazwa, au hatari kwa kazi maalumu aliyopewa. Na hata hapo anatakiwa kusema kiasi kidogo kinachotosha. Anaweza kumwambia kamanda, huyu asipewe lindo la usiku wala silaha kwa wiki mbili. Halazimiki kusema kwa nini. Kamanda ana haki ya kujua kama mtu atakayeshika bunduki saa nane za usiku anaweza kuaminiwa, na sioni mtetezi yeyote wa maana anayeweza kumnyima haki hiyo. Hana haki ya kujua ndoto za askari wake.

Kulikuwa na kufuli la pili, dogo lakini lenye maana. Fomu ya kuombea kibali cha kushughulika na siri za serikali ilikuwa ikiuliza kama mwombaji amewahi kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Kila askari alilijua swali hilo kwa namba yake: 21. Bila kibali, kazi nyingi jeshini zinakufungia mlango. Mei 2008 Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, akiwa kwenye kambi ya Fort Bliss, alitangaza kwamba ushauri nasaha unaotokana na vita hautalazimika kutajwa tena. Mstari mmoja kwenye fomu, usiogharimu hata dola, uliokuwa umewazuia watu wasiohesabika.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba mambo yalikwisha hapo. Mwaka 2012 ilibainika kwamba kwenye kituo cha tiba cha jeshi cha Madigan, jimboni Washington, timu ya wataalamu ilikuwa ikibatilisha matokeo ya wagonjwa waliokwisha kuambiwa wana ugonjwa wa kiwewe. Mmoja wao alikuwa amewakumbusha wenzake kwenye mhadhara kwamba mgonjwa mmoja wa aina hiyo anaweza kuwagharimu walipa kodi dola milioni 1.5 maisha yake yote. Seneta Patty Murray aliposhika jambo lile, mamia ya mafaili yakafunguliwa upya. Mwaka 2013 mwandishi Dave Philipps wa gazeti la Colorado Springs akaonyesha kwamba askari waliojeruhiwa walikuwa bado wanafukuzwa kwa makosa ya nidhamu, na kazi yake ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kambi aliyoiandika zaidi ilikuwa ileile ya Fort Carson. Jengo jipya la ushauri upande mmoja wa barabara, ofisi ya kufukuza upande wa pili.

Na jeshi la majini lilikuwa na ya kwake. Juni 2018 baharia wa miaka 21, Brandon Caserta, alijiua kwenye kituo cha Norfolk, Virginia. Wazazi wake, Patrick na Teri, waliamini kwamba alinyanyaswa na wakubwa wake, na kwamba hakuwa na njia ya kufika kwa daktari bila kupitia kwa watu haohao. Baba yake mwenyewe alikuwa baharia mstaafu, kwa hiyo alijua anachokisema. Walizunguka ofisi za wabunge miaka mitatu. Desemba 2021 sheria yenye jina la mtoto wao ilitiwa sahihi: mwanajeshi anaweza kumwambia mkubwa wake kwamba anataka kupelekwa kwa mtaalamu wa akili, kwa sababu yoyote au bila kutoa sababu, na mkubwa anapaswa kumpeleka haraka iwezekanavyo. Wazo la sheria lingeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Wizara ilitoa mwongozo wa kuitekeleza Mei 2023, karibu mwaka mmoja na nusu baadaye, na muda wote huo wazazi wale walikuwa bado wanapiga simu.

Sasa turudi nyumbani. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Siku kumi na mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alihudhuria ibada ya kumbukumbu kwenye kambi ya Moi Barracks, Eldoret, makao ya batalioni ya tisa ya Kenya Rifles, pamoja na marais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Idadi kamili ya waliokufa serikali ya Kenya haikuitangaza. Aliyeitaja hadharani, kwenye mahojiano ya televisheni, alikuwa rais wa Somalia, na alizungumzia karibu watu mia mbili.

Mfikirie askari aliyenusurika. Tiba ya kiwewe, ya aina yoyote ile, inaanza na mtu kusema kilichotokea, mahali gani, saa ngapi, nani alikuwa pembeni yake. Nchi inapokataa kusema wangapi walikufa, inamwambia aliyenusurika kwamba jambo lake halisemeki. Watanzania walipata msiba wao tarehe 7 Desemba 2017, kituo chao cha kulinda amani huko Semuliki, Kivu Kaskazini, kiliposhambuliwa na wakauawa walinda amani 14 kwa hesabu iliyotangazwa wakati ule. Tofauti ni kwamba idadi ilijulikana, majeneza yaliagwa hadharani Dar es Salaam, na Umoja wa Mataifa ukaanzisha uchunguzi. Kwa waliokuwa ndani ya kituo kile usiku ule, huo ulikuwa mwanzo tu, lakini ni mwanzo.

Askari wa Kenya wana kikwazo kingine, na hiki kimo kwenye Katiba. Ibara ya 24(5) ya Katiba ya 2010 inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za walio kwenye jeshi na polisi. Haki zinazotajwa ni pamoja na faragha, haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko, na haki za kiuchumi na kijamii za ibara ya 43, ambamo ndimo haki ya afya ilimo. Ziangalie hizo tatu kwa pamoja. Askari anayetaka faili lake lifungwe, anayetaka kulalamika kwamba halijafungwa, na anayetaka tiba yenyewe, anaweza kuzuiwa kisheria kote kutatu. Sisemi waliotunga walikusudia hivyo. Nasema kwamba utetezi wa jambo hili hauwezi kuachiwa wanajeshi walioko kazini. Ni kazi ya wake na waume zao, wazazi, wastaafu, wabunge na waandishi.

Mtetezi akianza kusema, jibu la kwanza atakalokutana nalo, mara nyingi kutoka kwa mzee aliyetumikia jeshi miaka thelathini, ni kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Sisi tulikwenda vitani tukarudi tukalima. Jibu hilo lina babu yake, na babu mwenyewe alikuwa Mzungu. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950, aliandika kwamba sonona ni adimu kwa Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha maandishi yake yaliyoulinganisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele. Miaka ileile askari wa King's African Rifles walikuwa wamerudi kutoka Burma. Kama hawakuonekana kliniki, huenda ni kwa sababu aliyekuwa mlangoni alikwisha kuamua kwamba hawawezi kuugua.

Jibu la pili ni zito zaidi: madaktari wa akili hatuna. Ni kweli, ni wachache mno, na wengi wako mijini. Lakini ushahidi wa kwamba kiwewe kinaweza kutibiwa bila daktari wa akili haukutoka Ulaya. Ulitoka Uganda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba fupi ya kusimulia maisha. Mgonjwa na mshauri wanalaza kamba sakafuni, inayosimama kwa maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake anaweka maua kwa mambo mema na mawe kwa mabaya. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia maisha yake kwa mfuatano, na akifika kwenye jiwe kubwa wanakwenda polepole: alinusa nini, aliona nini, mwili ulifanya nini wakati ule, na unafanya nini sasa hapa kwenye kiti. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea. Mwishoni mgonjwa anakabidhiwa hadithi yake iliyoandikwa.

Waliijaribu kwa wakimbizi wa Sudan kambini Imvepi, kwa vikao vinne tu. Matokeo yalichapishwa 2004: mwaka mmoja baadaye waliobaki na ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 29, wakati kwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Kundi dogo, watu 43, kwa hiyo tusilikuze. Lakini jaribio la baadaye huko Nakivale, lililokuwa na Wanyarwanda na Wasomali 277, lilitumia washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kwa wiki chache, nalo likafaulu. Kisha huko Goma wakaigeuza kwa ajili ya wapiganaji wa zamani, ambao shida yao haiishii kwenye walichotendewa. Inahusu pia walichotenda, na kwamba baadhi walikipenda. Hilo la mwisho hakuna mwanajeshi atakayemwambia mke wake wala padri. Tiba inayolipa jambo hilo nafasi imefanyiwa kazi mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili, saa chache kutoka kwenye vituo ambako askari wetu wamelinda amani.

Kwa hiyo swali la fedha si kubwa kama linavyosemwa. Koplo na sajenti wastaafu wenye busara, waliofunzwa na kusimamiwa na mtaalamu mmoja wa mkoa, wangeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi, nje ya mfumo wa amri wa kambi. Na askari wanaorudi kutoka vitani wapimwe mara mbili. Utafiti mwingine wa jeshi la Marekani, wa mwaka 2007, uliwafuatilia askari zaidi ya 88,000 ukaona kwamba miezi mitatu hadi sita baada ya kurudi walijitokeza wagonjwa wengi kuliko siku ya kuteremka kwenye ndege. Siku ya kuteremka kila mtu yuko sawa, maana anayesema hayuko sawa anabaki kambini wakati wenzake wanakwenda kuonana na watoto. Wake na waume walioko kwenye nyumba za kambi huona dalili mapema kuliko daktari yeyote. Wapewe mtu wa kumwendea ambaye hatalazimika kuliandika jina la mwenzao popote.

Kamati za Bunge zinazosimamia ulinzi, Nairobi na Dodoma, hutembelea kambi. Huonyeshwa wodi na vifaa. Wakati mwingine waombe kuonyeshwa orodha ya waliofukuzwa kwa ulevi, utoro na utovu wa nidhamu, kisha walinganishe na orodha ya waliotoka Somalia, Kongo au Darfur. Marekani walifika hapo wakiwa wamechelewa: sheria ya kumtaka askari aliyetoka vitani apimwe kiwewe kabla ya kufukuzwa ilipita kwenye bajeti ya ulinzi ya mwaka 2010, na Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi za marekebisho ya kumbukumbu za kijeshi ziyatazame kwa huruma maombi ya wazee wa vita vya Vietnam, waliobeba barua mbaya kwa miaka arobaini. Sidhani kuna jeshi lililowahi kwenda vitani likarudi bila kumfukuza mtu wa namna hiyo. Wapo Gilgil, wapo Tabora, wengine ni walinzi wa maduka ya simu. Kuzipitia upya barua zao hakuhitaji jengo wala daktari mpya. Kunahitaji bodi ya watu watano, wawili wao wasiwe wanajeshi, na amri ya waziri mmoja.